Sura ya Sita: Dafodili na Kazi ya Majani Yake

Dafodili ni ua la majira ya machipuko, yaani kipindi cha kuanzia mwishoni mwa Februari hadi Mei ambapo nchi za kaskazini mwa dunia hutoka katika baridi na kuingia katika joto, na mmea wake huonekana juu ya ardhi kwa miezi mitano au sita tu, kisha hutoweka. Kwa sababu hiyo wengi wanaoupanda huyahesabu majuma machache ya maua kuwa ndiyo maisha yake yote, na majani yanayobaki baada ya maua kunyauka huyaona kuwa ni takataka zinazochelewesha usafi wa bustani. Sura hii inashikilia mtazamo ulio kinyume na huo. Ua linaloonekana mwaka huu lilikwisha kuumbwa mwaka uliopita, wala mkulima hana tena la kuliongezea. Kinachobaki mikononi mwake ni ua la mwaka ujao, na njia ya kulifikia hupitia katika majani.

Wataalamu wa mimea huiweka dafodili katika jenasi ya Narcissus, jina lililothibitishwa na Carl Linnaeus mwaka 1753, ndani ya familia ya Amaryllidaceae. Idadi ya spishi zake za porini hubishaniwa hadi leo, kwa kuwa huchanganyika zenyewe kwa zenyewe na kuzaa machotara, lakini hakuna ubishi kwamba kitovu chake ni Rasi ya Iberia, yaani Hispania na Ureno, pamoja na milima ya Moroko iliyo ng'ambo ya mlango wa bahari wa Gibraltar. Narcissus tazetta, ambayo ndiyo nargisi iliyosifiwa na washairi wa Uajemi kwa harufu yake, imeenea kando ya Bahari ya Mediterania hadi Iran, ilhali Narcissus pseudonarcissus imepanda kaskazini hadi Uingereza, ambako bado hufunika kingo za mto Dove katika bonde la Farndale, Yorkshire, na malisho ya zamani yanayouzunguka mji mdogo wa Newent na kijiji cha Dymock huko Gloucestershire.

Ua lenyewe lina petali sita zilizotandazwa na, katikati yake, kikombe kinachoitwa korona, na uwiano wa urefu wa kikombe hicho na petali ndio msingi wa upangaji wa aina zake. Royal Horticultural Society, chama cha kilimo cha bustani cha Uingereza ambacho tangu mwaka 1955 ndicho chenye mamlaka ya kimataifa ya kusajili majina ya dafodili, huzigawa katika makundi 13. Kundi la kwanza ni la zile ambazo kikombe chake kinalingana na petali au kinazizidi, na hizo huitwa tarumbeta. La pili ni la zile ambazo kikombe chake kinapita theluthi moja ya petali bila kuzifikia. La tatu ni la vikombe vifupi visivyozidi theluthi. Yanayofuata hutenganishwa kwa sifa nyingine, kama vile wingi wa petali, nasaba ya spishi au kupasuka kwa kikombe. Nyuma ya namba ya kundi huongezwa herufi za rangi, za petali kwanza na za kikombe baadaye, hivyo aina mashuhuri ya 'Carlton', iliyozalishwa Cornwall na P. D. Williams, huandikwa 2 Y-Y, maana yake ni ua la kundi la pili lenye petali za manjano na kikombe cha manjano. Majina yaliyosajiliwa yamepita 25,000, na ni haki kusema kwamba sehemu kubwa ya majina hayo hutofautishwa na majaji wa maonyesho peke yao.

Wingi huo ni matunda ya kazi iliyoshika kasi katika nusu ya pili ya karne ya 19. Peter Barr, mfanyabiashara wa mbegu mzaliwa wa Scotland, alikusanya aina zilizokuwa zimesahaulika katika bustani za watu, akasafiri hadi milima ya Hispania na Ureno kutafuta spishi za porini, na mkutano wa kwanza wa wapenzi wa dafodili ukafanyika London mwaka 1884. George Herbert Engleheart, aliyekuwa mchungaji wa Kanisa la Anglikana, alitumia miaka yake mingi kuhamisha chavua, yaani unga wa kiume wa ua, kutoka aina moja hadi nyingine, kazi ambayo huhitaji moyo wa subira kuliko ufundi, kwa kuwa mche wa dafodili uliotokana na mbegu huchukua miaka minne hadi saba kabla ya kutoa ua la kwanza, na miche iliyo mingi ikichanua huonekana haina lolote la kuwazidi wazazi wake. Mwaka 1899 ilionyeshwa 'King Alfred', tarumbeta kubwa ya manjano iliyozalishwa na John Kendall, ambayo ilipata umaarufu kiasi kwamba hadi leo matunguu ya aina nyingine kabisa huuzwa kwa jina lake. Alec Gray wa Cornwall alikwenda upande wa pili, wa maua madogo, akatoa 'Tête-à-tête', isiyozidi kimo cha shubiri moja hivi, ambayo sasa ndiyo inayojaza vyungu madukani kote Ulaya kila ifikapo Februari.

Chini ya ardhi mmea huishi ndani ya tunguu, yaani shina fupi sana lililofungwa kwa tabaka za magamba manene yaliyojaa wanga, kwa umbo kama kitunguu maji. Sehemu ya chini, iliyo bapa na ngumu, ambayo mizizi hutokea, huitwa kitako, na kwa kweli ndiyo shina lenyewe. Mnunuzi mzoefu hukibonyeza kitako kwa kidole gumba kabla ya kutazama ukubwa, kwa sababu tunguu lililolainika hapo halina dawa. Magamba ya nje yaliyokwisha kutoa akiba yake hukauka na kuwa ngozi ya kahawia inayoyalinda yale ya ndani. Tunguu la tulipu hufa kila mwaka na kuacha jipya mahali pake, lakini la dafodili hudumu, likiongeza magamba mapya katikati na kupoteza ya zamani pembeni, na vichipukizi vilivyo kati ya magamba hukua vikawa matunguu wana ambayo mwishowe hujitenga na mama. Ndiyo maana tunguu moja lililopandwa kando ya njia huweza kuonekana baada ya miaka ishirini likiwa kichaka.

Kalenda ya ndani ya tunguu haifuatani na ile inayoonekana juu ya ardhi. Katika hali ya hewa ya Uingereza, kichipukizi cha ua la mwaka ujao huanza kuumbika karibu na Mei, wakati majani ya mwaka huu bado ni mabichi, na mnamo Agosti sehemu zote za ua, kuanzia petali hadi ovari, zimekwisha kukamilika zikiwa bado ndogo mno ndani ya magamba. Hatua hiyo huhitaji joto. Inayofuata huhitaji kinyume chake, kwa kuwa bua la ua halirefuki sawasawa mpaka tunguu lililokwisha kuota mizizi likae katika ubaridi wa takribani nyuzi 9 za Selsiasi au chini ya hapo kwa majuma 12 hadi 16. Kipindi kilicho kati ya kukauka kwa majani na kuota kwa mizizi huitwa bwete, yaani usingizi wa mmea, lakini huo ni usingizi wa nje tu, na mkulima anayeyaacha matunguu juani au kwenye stoo isiyopitisha hewa katika miezi hiyo anaharibu maua ambayo tayari yamo ndani.

Mizizi huanza kutoka mwishoni mwa Agosti au mwanzoni mwa Septemba, na kwa hiyo dafodili hupandwa mapema, Septemba ikiwezekana, tofauti na tulipu ambayo huweza kusubiri hadi Novemba. Kanuni ya kina ni kwamba udongo ulio juu ya tunguu uwe mara mbili hadi tatu ya kimo cha tunguu lenyewe, jambo ambalo kwa tunguu la sentimita 5 lina maana ya kulifunika kwa sentimita 10 hadi 15, na kina hicho huongezwa kidogo katika udongo wa kichanga na kupunguzwa katika mfinyanzi. Nafasi ya sentimita 10 hadi 15 kati ya tunguu na tunguu hutosha kwa bustani. Anayekosea kwa kupanda juu juu hasamehewi na mmea, lakini anayekosea kidogo husaidiwa na mizizi maalumu inayojikunja na kulivuta tunguu kwenda chini mwaka hadi mwaka mpaka lifikie kina linachokipenda.

Udongo bora ni tifutifu unaopitisha maji, kwa kuwa dafodili hunywa sana kuanzia Februari hadi Mei lakini haivumilii maji yaliyotuama, hasa wakati wa kiangazi. Samadi mbichi haifai kugusana na tunguu kwa sababu huleta uozo, na mbolea yenye naitrojeni nyingi hutoa majani marefu yaliyo laini, yanayolala kwa upepo na kushambuliwa na kuvu kwa urahisi. Mbolea inayostahili ni yenye naitrojeni kidogo na potasiamu ya kutosha, nayo hutiwa wakati majani yanapochomoza na tena maua yanapokwisha. Kwenye nyasi, ambako dafodili hupendeza zaidi kuliko kwenye matuta, desturi ya bustani za Kiingereza ni kuyarusha matunguu kwa mkono na kuyapanda pale pale yalipoangukia, ili yasisimame kwa mistari. Desturi hiyo ina gharama yake: mwenye bustani hana budi kuziacha nyasi hizo bila kukatwa hadi Juni, na asiyeweza kuvumilia hilo ni afadhali apande mahali pengine.

Hapo ndipo kiini cha utunzaji kilipo. Ua likishanyauka, kichwa chake hukatwa ili mmea usitumie nguvu kukomaza mbegu, lakini bua huachwa, kwa sababu nalo ni la kijani na hufanya usanisinuru, yaani kazi ya kugeuza mwanga, maji na hewa kuwa chakula. Majani nayo huachwa kwa muda usiopungua majuma sita tangu ua kunyauka, na vizuri zaidi mpaka yageuke manjano na kulala yenyewe. Katika majuma hayo magamba hujazwa upya, na ni katika majuma hayo hayo kichipukizi cha ua linalofuata huamuliwa kama kitakuwapo au la. Wapo watunza bustani nadhifu ambao, ili kuficha sura mbaya ya majani yanayozeeka, huyasokota na kuyafunga mafundo au kuyakaza kwa mipira myembamba. Utaratibu huo unapendeza macho ya jirani lakini huvunja mishipa ya jani na kulinyima mwanga, na ni vigumu kuutetea. Dawa ya sura mbaya ni kupanda mbele ya dafodili mimea inayochelewa kukua, ambayo majani yake hufunika yale yanayokufa bila kuyabana. Ukame ukitokea Aprili au Mei, ni wakati huo mmea unapostahili kumwagiliwa, ingawa hauna tena ua la kumshawishi mtu abebe maji.

Majani yakitoka bila ua, wakulima husema dafodili imekuwa pofu. Upofu huo mara nyingi hutokana na majani yaliyokatwa mapema mwaka uliotangulia, au ukame wa majira ya machipuko, au tunguu lililopandwa juu juu likajigawanya vipande vidogo, au msongamano. Sababu hii ya mwisho ndiyo ya kawaida zaidi katika bustani kongwe: matunguu wana yamezaana mpaka kila moja limekosa chakula cha kufikia ukubwa wa kutoa ua. Hung'olewa kwa jembe uma majani yakishageuka manjano, karibu Juni au Julai, hutenganishwa kwa mkono bila kuyalazimisha yale ambayo bado yameshikana kitakoni, hukaushwa kivulini penye upepo, na hupandwa upya kwa nafasi. Bustani nyingi hurudia kazi hiyo kila baada ya miaka mitatu hadi mitano. Mzalishaji wa kibiashara, anayehitaji matunguu mengi ya aina moja kwa haraka, hulikata tunguu kama anayegawa chungwa kuwa vipande vinane au kumi na sita, kila kipande kikibaki na sehemu ya kitako, huvihifadhi katika unyevu na joto la nyuzi 20 kwa majuma 12 hivi, na vijitunguu vinavyochipuka kati ya magamba huhitaji miaka mitatu au minne kabla ya kutoa maua.

Adui aliyekaribia kuiangamiza biashara yote ya dafodili ni mnyoo asiyeonekana kirahisi kwa macho, Ditylenchus dipsaci, wa kundi la nematodi, yaani minyoo midogo sana inayoishi ndani ya udongo na mimea. Mmea uliovamiwa hutoa majani yaliyopinda, yenye vivimbe vidogo vya rangi hafifu ambavyo mkulima huvihisi akilipitisha jani kati ya vidole, na tunguu likikatwa kwa upana huonyesha duara za kahawia kati ya magamba yaliyo meupe, kwa kuwa mnyoo hula gamba zima kabla ya kuhamia lingine. Tunguu linapokufa, minyoo michanga hukusanyika kitakoni kwa maelfu na kukauka pamoja katika hali inayofanana na sufi chafu, na katika hali hiyo huweza kukaa miaka bila chakula ikisubiri unyevu. Katika miaka ya 1910 mashamba ya Uingereza yalikuwa yakifa eneo baada ya eneo, na wakulima walifukia na kuchoma matunguu bila mafanikio.

Suluhisho lilitoka kwa kijana mmoja, James Kirkham Ramsbottom, aliyezaliwa mwaka 1891 na kupewa na Royal Horticultural Society kazi ya kuuchunguza ugonjwa huo katika bustani ya chama hicho huko Wisley. Wakati huo wengi walidhani chanzo ni kuvu. Ramsbottom alithibitisha kwamba ni mnyoo, akajaribu dawa mbalimbali, kisha akaonyesha kwamba matunguu yakizamishwa katika maji ya nyuzi joto 43 hivi za Selsiasi kwa saa tatu hadi nne, mnyoo hufa na tunguu hubaki hai. Matokeo yake aliyatangaza mwaka 1917. Uzuri wa ugunduzi huo uko katika wembamba wa njia yake: nyuzi mbili au tatu zikipungua, mnyoo hupona, na zikizidi kwa kiasi hicho hicho, ua lililokwisha kuumbika ndani ya magamba huungua. Ndiyo sababu wakulima wa leo, ambao hutumia nyuzi 44.4 kwa saa tatu, hulizingatia sana jambo la tarehe, wakiyachovya matunguu katikati ya kiangazi baada ya kuyaweka kwanza mahali penye joto ili tishu zake zizoee, na matangi yao huwa na mashine za kuzungusha maji ili pasiwe na pembe iliyo baridi kuliko nyingine. Ramsbottom hakuishi kuuona ukubwa wa alichokifanya, kwani alifariki New York mwaka 1925 akiwa na umri wa miaka 33 hivi, katika ziara ya mihadhara, na nje ya duru za wakulima wa maua jina lake halijulikani, wakati kila shamba kubwa la dafodili duniani linasimama juu ya kazi yake.

Maadui wengine si wageni kwa mkulima yeyote wa mazao ya tunguu. Nzi aitwaye Merodon equestris, mwenye manyoya yanayomfananisha na nyuki bambi, hutaga yai mojamoja kwenye shingo ya mmea kuanzia Mei hadi Julai, siku za jua, akifuata tundu linaloachwa na majani yanayokauka, na buu lake hushuka hadi kitakoni, huingia na kula moyo wote wa tunguu. Kulitifua tabaka la juu la udongo ili kuziba matundu hayo ni kinga rahisi inayopuuzwa mno. Kuvu wa jamii ya Fusarium huozesha tunguu kuanzia kitakoni, hasa udongo ukiwa na joto, na kwa huyo kinga bora ni kuchagua aina: 'Golden Harvest' huathirika vibaya, 'St Keverne' humstahimili. Virusi, vinavyoonekana kama mistari ya manjano kwenye majani, havina tiba, na mmea wenye dalili hizo hung'olewa na kuchomwa moto.

Uingereza ndiyo inayoongoza duniani kwa eneo linalolimwa dafodili, na mashamba yake makubwa yako Cornwall, Lincolnshire na mashariki mwa Scotland, lakini mahali panapofundisha zaidi juu ya uhusiano wa ua hili na hali ya hewa ni Visiwa vya Scilly, vilivyo kilomita 45 hivi kutoka ncha ya kusini-magharibi ya nchi hiyo. Theluji huko ni nadra. Reli ilipofika Penzance na kuunganishwa na London mwaka 1859, wakazi wa visiwa hivyo waliweza kufikiria soko la mbali, na husimuliwa huko kwamba shehena ya kwanza ya maua ilisafirishwa ndani ya kasha la kofia kwenda soko la Covent Garden. Kinacholimwa Scilly si tarumbeta bali ni aina za tazetta, kama 'Soleil d'Or', zenye maua kadhaa katika bua moja na harufu kali, ambazo hazihitaji ubaridi mrefu na huchumwa kuanzia Oktoba. Mashamba yamekatwa vipande vidogo vilivyozungushiwa ua mrefu wa miti ya kuzuia upepo wa chumvi, kiasi kwamba mtu aliye ndani ya kipande kimoja haoni cha jirani. Wakulima wake waligundua kwamba matunguu ambayo juu yake kumechomwa majani makavu wakati wa kiangazi hutangulia kuchanua, na mwanzoni ilidhaniwa kwamba ni joto la moto. Ukweli ni kwamba moshi una ethilini, gesi ambayo mimea huitumia kama ishara, na siku hizi moshi huo hupitishwa chini ya mashuka ya plastiki yaliyotandazwa shambani.

Dafodili za soko huchumwa kwa mkono zikiwa bado zimefumba, kichwa kikiwa kimeanza tu kuinama kutoka kwenye bua, kwa kuwa zilizochanua huchubuka safarini, na hufungwa kumikumi kwa mipira myembamba. Wachumaji huugua ngozi za mikono, kwa sababu utomvu wa mmea una fuwele zenye ncha kama sindano za kalsiamu oksaleti zinazochoma na kuwasha, na glavu si anasa katika kazi hiyo. Utomvu huo huo hufupisha maisha ya maua mengine, hivyo dafodili zilizokatwa hukaa peke yake katika maji kwa usiku mmoja kabla ya kuchanganywa na tulipu, na maji ya usiku huo humwagwa. Tunguu lina sumu iitwayo laikorini, ambayo huleta kutapika kwa nguvu, na mwaka 2015 mamlaka ya afya ya umma ya Uingereza iliyataka maduka makubwa yasiweke dafodili karibu na mboga, baada ya watu kupika matunguu wakidhani ni vitunguu na machipukizi wakidhani ni mboga. Kwa upande mwingine, sumu hiyo huifanya dafodili iepukwe na panya na kulungu, na kemikali nyingine iliyomo, galantamini, hutumika kutibu dalili za ugonjwa wa Alzheimer, kwa hiyo baadhi ya wakulima wa miinuko ya Wales huipanda kwa ajili ya dawa.

Wasomaji wengi wa Kiswahili waliosoma zama za ukoloni na miaka ya mwanzo ya uhuru walilijua jina la ua hili kabla ya kuliona, kwa kuwa shairi la William Wordsworth lililochapishwa mwaka 1807, lililotokana na matembezi yake na dada yake Dorothy kando ya ziwa Ullswater mnamo Aprili 1802, lilifundishwa katika shule za makoloni mengi ya Uingereza, na mwandishi Jamaica Kincaid wa Antigua aliligeuza jambo hilo kuwa kisa katika riwaya yake Lucy ya mwaka 1990. Huenda ndiyo sababu swali la kama dafodili inaweza kupandwa Afrika Mashariki huulizwa mara nyingi kuliko inavyotarajiwa. Jibu limo katika kalenda ya tunguu. Udongo wa Njombe au Limuru, ambako usiku wa Julai huwa wa baridi kali, haubaki chini ya nyuzi 9 kwa miezi mitatu mfululizo, na tarumbeta iliyopandwa huko hutoa majani bila ua, au ua lililonaswa chini kwa bua lisilorefuka. Tunguu huweza kuwekwa katika jokofu kwa majuma 12 au zaidi, mbali na matunda yaliyoiva kwa sababu ethilini yake, ambayo Scilly ni rafiki, hapo huua kichipukizi cha ua. Lakini tunguu hilo likishachanua mara moja katika nchi ya joto huwa limekwisha. Aina nyeupe za Narcissus papyraceus, kama 'Ziva' iliyozalishwa Israeli, hazihitaji ubaridi na huchanua hata ndani ya bakuli la kokoto na maji. Yeyote anayeagiza tunguu la aina yoyote kutoka nje anapaswa kwanza kupata kibali cha afya ya mimea, kutoka kwa mamlaka ya afya ya mimea ya nchi yake, yaani KEPHIS kwa Kenya na TPHPA kwa Tanzania, na sharti hilo si urasimu mtupu kwa nchi zinazolima vitunguu na vitunguu saumu, mazao ambayo Ditylenchus dipsaci hushambulia pia.

Familia ya Amaryllidaceae imeziachia nchi hizi maua yake yenyewe. Scadoxus multiflorus hutokeza kichwa cha duara chenye maua mekundu mengi mara mvua zinapoanza, na Crinum kirkii, yenye petali nyeupe zilizopigwa mstari mwekundu, ina jina linalomkumbuka John Kirk, mwakilishi wa Uingereza katika Zanzibar ya karne ya 19. Zote mbili huishi kwa tunguu, zote zina sumu, na zote husubiri mvua badala ya baridi. Mtunza bustani wa Arusha, Nairobi au Bukoba anayetaka maua ya tunguu yatakayorudi kila mwaka aanze na hizo, na fedha ya kuagiza dafodili aiweke mpaka atakapohamia penye majira ya baridi.